Mrejesho: fomu ya PDF iliyoonekana tupu baada ya kujazwa

Niliuliza kwa nini fomu niliyoijaza kwa skripti ya Python ilionekana tupu, na maandishi yakajitokeza tu kisanduku kilipobofywa. Nawashukuru kwa dhati mlionijibu. Ilibainika kwamba data ilikuwamo ndani ya faili, ila haukuwapo mchoro wa mwonekano wake, ambao baadhi ya programu za kusomea huutegemea bila kuutengeneza zenyewe. Niliweka alama ya NeedAppearances (inayosema kwamba mwonekano unahitaji kutengenezwa) kwenye AcroForm (sehemu ya PDF inayobeba fomu), kisha nikaipitisha faili kwenye qpdf, programu ya kushughulikia faili za PDF, kwa chaguo la --generate-appearances linalotengeneza mwonekano huo, na sasa kila jina linaonekana hata kwenye karatasi iliyochapishwa. Anayeongeza chaguo la --flatten-annotations=all, linalogeuza visanduku kuwa sehemu ya ukurasa wenyewe, atunze nakala ya awali, kwani visanduku havijaziki tena.