Vielelezo vya ubakaji: kwa nini vinasaba havipatikani?

Mpelelezi_Wilaya
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nguo za mwathirika zinachukuliwa mapema, zinafungwa kwenye mfuko wa nailoni, zinakaa stoo, kisha ripoti ya maabara inasema vinasaba (DNA) havikupatikana. Tatizo liko wapi? Na kesi ndiyo imekufa?

Benchi_la_Maabara
Tatizo ni nailoni, mkuu. Nguo mbichi ikifungwa humo unyevu haupati pa kutokea, bakteria na ukungu wanazaliana na kuvunjavunja vinasaba. Joto la stoo linamalizia kazi.

Tandaza nguo juu ya karatasi safi, kivulini, hadi ikauke kabisa. Usianike juani. Ikunje ukiweka karatasi kati ya mikunjo ili doa lisihamie upande wa pili, kisha itie kwenye bahasha ya kaki. Nguo moja, bahasha moja, glovu mpya kila nguo. Za mtuhumiwa zikaushwe chumba kingine kabisa. Bahasha usiilambe, mate yako nayo yana vinasaba. Bandika selotepu, saini ipite juu ya selotepu na karatasi kwa pamoja.

Tena, mbegu za kiume zikiwa chache au hakuna, maabara inaweza kupima kromosomu Y peke yake, yaani ile sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume tu. Lakini hiyo baba, wanawe wa kiume na ndugu wa kiume wa upande wa baba huwa wanafanana. Inaweza kumtoa mtu kwenye kesi. Kumtaja mmoja haitoshi.

Nesi_Zamu
Kwa hospitali, swabu (vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli) za ukeni zichukuliwe ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora. Za mdomoni hazivuki sana saa 24, maana mate, chakula na mswaki vinasafisha. Aliyekwisha kuoga naye apimwe, jamani, msimrudishe nyumbani! Dawa za kuzuia VVU nazo zinaanza ndani ya saa 72 hizo hizo, zisisubiri fomu ya polisi.

Damu ya kulinganishia iwekwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inakwamisha kipimo.

Wakili_Kanda
Kesi haijafa. Katika kesi ya Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri [2006] TLR (ripoti za sheria za Tanzania) 379, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi bora wa kosa la namna hii hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Kuingiliwa hata kidogo kunatosha, si lazima shahawa zionekane. Ila kielelezo ukikileta, ujue utaulizwa kilipita mikononi mwa nani: jina, tarehe, saa, alikipokea kwa nani, akamkabidhi nani.

Mpelelezi_Wilaya
Nashukuru sana. Na zile ambazo bado ziko kwenye nailoni?

Benchi_la_Maabara
Zitoe leo, uzikaushe. Andika kwenye daftari la vielelezo nani kabadili mfuko, saa ngapi na kwa nini. Nailoni yenyewe usiitupe: ikaushe nayo, uitie bahasha yake, kwa sababu nywele na vipande vya doa hubaki humo.