Tupeane uzoefu: mtoto wa chekechea anayesomea nyumbani, ulimchaguliaje mtaala?

Mama Zawadi, Umoja
Wazazi wenzangu, hamjambo. Binti yangu anafikisha miaka minne mwezi wa nane. Mimi nashona nyumbani, na tumekubaliana na baba yake kwamba mwaka wa kwanza wa chekechea asomee hapa hapa. Kinachoninyima usingizi ni mtaala. Kila ninayemuuliza ananitajia wake: Montessori, wa Uingereza, wetu wa Kenya unaoitwa CBC. Siulizi upi ni bora. Naomba kila mtu asimulie alivyofanya, hata pale alipopotea njia.

Baba Pacha, Kasarani
Sisi tulitanguliza pesa. Tuliagiza vitabu vya mwaka mzima kutoka Marekani kabla hatujakaa na watoto tukaona wanapenda nini. Kurasa zimejaa theluji, majani yanayopukutika, sarafu za senti. Ilibidi nieleze picha kwanza ndipo nifikie somo, na mpaka hapo wameshachoka. Tena kila siku kuna karatasi ya kujaza. Wiki ya tatu mmoja wao akawa akiniona na penseli anaingia chini ya meza. Iliniuma sana. Tulisimamisha kila kitu mwezi mzima, tukawa tunasoma hadithi tu kabla ya kulala.

Mama Shufaa, Pangani
Pole, Baba Pacha. Mimi nilipakua mtaala wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, ni bure, nikaenda saiba kuchapisha kurasa nilizohitaji. Una shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Nilipousoma nikaona mengi tunayafanya tayari: kunawa mikono, kutaja viungo vya mwili, kutenganisha vitu. Ndengu na maharagwe nilimchanganyia kwenye sinia achambue. Vifuniko vya soda ndivyo vya kuhesabia.

Nilipokosea ni kwenye kusoma. Nilianza na sauti za Kiingereza, ule utaratibu wa sauti 42, kwa sababu kila mtu alikuwa akiusifu. Lakini nyumbani tunaongea Kiswahili. Mtoto alikuwa akiunganisha sauti vizuri, kisha ananitazama, maana hilo neno hajawahi kulisikia. Nikaviweka kando vitabu vile, nikaanza na irabu tano, halafu ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, vile nilivyofundishwa mimi. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishika silabi amepata neno. Kabla ya miezi mitatu tulikuwa tunapita kibandani akasimama, akanyoosha kidole: ma-zi-wa. Nilinunua paketi ingawa nyumbani yalikuwepo. Kiingereza kimefuata baadaye, na hakijamsumbua.

Mama wa Ghorofa ya Nne, Kibra
Mimi nilivutiwa na Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923. Yeye alitaka mtoto wa chini ya miaka sita ashinde nje badala ya kukalishwa darasani. Ni maneno mazuri, ila ploti yetu haina hata kiwanja. Tukaungana familia tatu, Jumamosi tunakwenda Arboretum, ile bustani ya miti, na chai kwenye chupa. Mvua ya Aprili ilivuruga mpango wote. Hata hivyo ndipo mwanangu alipopata marafiki, kwa sababu kabla ya hapo majirani walikuwa wakiniuliza anaugua nini mbona haendi shule.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu
Mama Zawadi, mwanangu, nimefundisha chekechea miaka mingi. Watu wakisikia Montessori wanafikiria vifaa vya mbao vya bei. Maria Montessori mwenyewe alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Roma mwaka 1907 katika mtaa wa maskini. Kumimina maji bila kumwaga, kufunga vifungo, kufagia: hayo ni masomo kamili. Wewe ni fundi wa nguo, una vifungo na vitambaa tele. Mwache pia akande unga wa chapati, vidole vipate nguvu kabla ya penseli.

Jambo la pili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi aandikishe mtoto shuleni. Ielewe kabla hujaamua, na uweke daftari la anachofanya kila wiki. Siku atakapoingia shule, mwalimu wake atashukuru.

Mama Zawadi, Umoja
Asanteni sana, nawe mwalimu, shikamoo. Nimeuchapisha wa PP1, na kusoma nitaanza na silabi. Jana nilimpa kopo la vifungo nikamwambia avipange kwa rangi. Nimerudi kutoka kwa mteja nikakuta kavipanga mafungu mawili, rangi zimechanganyika. Nilikuwa karibu kumsahihisha. Akaniambia, "Mama, hivi vina matundu mawili, na hivi vina manne." Daftari nimelinunua leo asubuhi, na hilo ndilo nililoandika kwanza.