Gemu za zamani za ndege za vita ambapo wewe ni rubani na jemadari pia: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi (Shangani, Mtwara):
Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu tuko wachache tunaozipenda gemu za ndege za vita za miaka ya themanini na tisini, hasa zile ambazo hukabidhiwi ndege tu, unakabidhiwa na vita vyenyewe. Tukusanye visa vyetu hapa: umepanga mwenyewe, umetoa amri, halafu ukapanda ndege kwenda kuona amri yako imezaa nini.

Naanza na 1942: The Pacific Air War ya MicroProse, ya mwaka 1994. Ina sehemu ambayo unaongoza kikosi kizima cha manowari za kubeba ndege. Unatuma ndege za upelelezi, unaamua zipi ziruke na lini, na ukitaka unaingia kwenye kiti cha rubani wa mojawapo.

Pambano langu ni Midway, lile la Wamarekani na Wajapani kwenye Pasifiki. Adui humwoni, una ramani ya bahari tupu mbele yako. Ukirusha mapema, vijana wanafika mahali hakuna meli na mafuta yanaisha. Ukichelewa, anakukuta bado unajaza mabomu. Wajapani yaliwafika hayo Juni 4, 1942: ndege ya upelelezi ya manowari Tone ilichelewa kuruka, na taarifa ya meli za Wamarekani ilipoingia ndege zao zilikuwa zinabadilishwa silaha. Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu zote zikazama.

Juzi nilipata mahali pa adui, nikarusha Dauntless, ndege za kupiga mabomu kwa kupiga mbizi, nikakaa kwenye ndege ya mbele. Ukifika juu ya meli unafungua breki za kupigia mbizi na kuelekeza pua chini. Mshale wa mwinuko unazunguka mbio, sitaha inazidi kuwa pana, bomu linaachiwa, unavuta mpini kwa mikono miwili. Ila kwangu kazi kubwa ni kurudi. Meli uliyoondokea haipo ulipoiacha, imesogea, na aliyeamuru isogee ni wewe. Hapo ndipo gemu nyingi za leo zenye picha nzuri zinaponipoteza, hazikudai chochote ukishapiga.

Mdau wa Nachingwea:
Mkuu umenigusa. Mimi ni wa Secret Weapons of the Luftwaffe, 1991. Upande wa Marekani unachagua nini cha kupiga Ujerumani: viwanda vya ndege, mafuta, reli. Nafanya kazi kwenye ghala la korosho, kwa hiyo najua mzigo ukikwama sehemu moja wote nyuma wanasimama. Ndivyo ninavyocheza. Naanza na mafuta, sihangaiki na sifa za kuangusha ndege nyingi.

Kwenye B-17, ndege kubwa ya mabomu ya Wamarekani, unaweza kuhamia kiti cha mpiga mizinga au cha mdondosha mabomu. Kaa kwenye mizinga ya nyuma uone wenzako wanavyopukutika, ndipo utaelewa shambulio la Schweinfurt, Ujerumani, Oktoba 14, 1943, ambapo B-17 60 hazikurudi kati ya 291 zilizotumwa. Ndege za kuwasindikiza hazikuwa na mafuta ya kufika kote huko. Tangu nisome habari hiyo, kwenye ramani naangalia kwanza wasindikizaji wanaishia wapi.

Dada wa Lindi mjini:
Wanaoanza, msikate tamaa ndege ikikimbia kama imerukwa na akili. Gemu hizi ziliandikwa kwa kompyuta za polepole. Weka DOSBox, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta za sasa, kisha bonyeza Ctrl na F11 kupunguza kasi, Ctrl na F12 kuongeza. Kwenye laptopu nyingi unashikilia na Fn. Mimi napunguza mpaka mshale wa mwendo utembee bila kurukaruka, hapo naacha.

Mdau wa Masasi:
Falcon 4.0, 1998, vita vya rasi ya Korea. Humo vita havikusubiri. Unaporuka na F-16 yako, vifaru vinasonga na ndege nyingine zinapigana kwingine, na unaweza kupanga misafara ya marubani wengine na kusema kipi kipigwe kwanza. Niliwahi kulinda daraja moja kwa hamu kubwa, kurudi kwenye ramani nakuta adui amevunja upande wa pili kabisa. Umeme ulikatika usiku ule, nikakaa gizani nachora mistari ya mbele kwenye daftari nisije nikasahau.

Mzee wa Kilwa:
Vijana, hayo hayako mbali na kwetu. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha delta ya Rufiji, hapo juu tu. Waingereza walirusha ndege kutoka Mafia, rubani na mwenzake wakaangalia makombora ya manowari zao Severn na Mersey yanaangukia wapi na kutuma taarifa ili walenge upya. Ilikwisha Julai 11. Jicho liko angani, mzinga uko mtoni. Mwenye ujuzi atutengenezee gemu ya vita hivyo.

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mzee. Hiyo ningeicheza mpaka asubuhi.

Mdau wa Newala:
Sisi tunacheza wawili kompyuta moja, mimi na kaka. Yeye ni jemadari, haruhusiwi kugusa mpini. Mimi ni rubani, sigusi ramani. Siku moja aliniagiza nifuate meli zilizokuwa mbali mno, nikamwambia mafuta hayatoshi, akasema nenda. Nilizipiga, kisha nikatua baharini njiani kurudi. Tulibishana mpaka mama akatuzimia taa. Kaka anasema meli mbili kwa ndege moja ni biashara nzuri. Mimi nasema aliyekuwa ndani ya ndege ni mimi. Wakuu, nyie mngeamuaje?

Mdau wa Nachingwea:
Kaka yako yuko sahihi, ila kesho yeye ndiye aruke.