Mnunuzi wa mwani anataka kulipa kwa simu, na laini nyingi zina majina ya waume

KatibuMlingotini:

Hamjambo nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani hapa Mlingotini, Bagamoyo. Habari za kompyuta na mwanamke wa kidijitali nazisoma humu jukwaani kila siku na nazipenda, ila swali langu ni la kitochi, ile simu ndogo ya vitufe.

Miaka yote mnunuzi akija anapima mzigo, anahesabu noti mbele yetu, kila mtu anashika chake, na fungu la kikundi linaingia sandukuni. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na halifunguliwi ila siku ya kikao, wote tumekaa. Asiyejua kusoma naye anaona. Sasa mnunuzi kasema msimu huu hatembei na taslimu, atalipa kwa simu. Simlaumu, kubeba mamilioni kwenye gari la mizigo ni kujitafutia balaa. Anataka tumpe namba moja ya kikundi au namba ya kila mwanachama, tuchague wenyewe.

Tukaanza kuorodhesha namba. Simu zipo, karibu kila nyumba. Nilipouliza laini imesajiliwa kwa jina la nani, kikao kizima kikawa kimya. Mnakumbuka ule usajili wa alama za vidole, laini zikaanza kuzimwa Januari 2020? Mtu hana namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, siku zinakwisha, basi anamwambia mume au kaka amsajilie. Yakaishia hapo. Mmoja wetu laini yake ina jina la mkwewe, na mkwe mwenyewe kwa sasa yuko Mtwara.

Wawili wakasema hawana haja ya maneno, wakaenda mjini kusajili laini zao. NIDA wanayo. Mashine ikakataa vidole. Mwanamke aliyefunga taitai, vile vikamba vya kushikiza mwani, na kung'oa vigingi kwenye maji ya chumvi tangu ujana, ncha za vidole zimesuguka hazina mstari. Kijana wa kusajili akawafuta kwa kitambaa, akabonyeza tena, akawaambia warudi siku nyingine. Nauli imekwenda, na ile siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana tukaingia shambani, imepotea.

Halafu kuna mweka hazina wetu. Ni mtu mzima, darasani alikaa kidogo sana, lakini hesabu ya sanduku hajawahi kuikosea hata shilingi. Nilimtumia hela ya majaribio aone ujumbe unavyokuja. Kashika simu mbali na uso, anahesabu sifuri kwa ukucha mmoja mmoja. Nilimtumia elfu arobaini na tano, akaniambia milioni nne na nusu. Ujumbe umeandikwa 45,000.00, naye kahesabu zile mbili za mwisho pia. Mtu niliyemwamini na sanduku leo namwona anamwita mjukuu amsomee, na mjukuu ndiye anayejua namba ya siri.

Naomba wenye vikundi mniambie, tuchukue namba moja au kila mtu yake? Na hizi laini zenye jina la mume tunafanyaje bila kuvunja nyumba za watu? Mume wa mmoja keshatangaza kijiweni kwamba hela ikiingia kwenye laini yake ni yake.

BahariaSahare:

Dada, mnajipa kazi bure. Mke na mume hela yao ni moja. Tumieni laini zilizopo, maisha yaendelee.

MamaKigombe:

Baharia, hela ya samaki nayo ikiwa moja utuambie, maana hiyo hatujawahi kuiona.

Katibu, pole na majukumu. Mimi niko Kigombe huku Tanga, sisi tunachemsha na kuanika dagaa. Hayo tuliyapitia, sitakuficha.

Vidole kwanza, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. NIDA walichukua vidole vyote kumi, kwa hiyo dole gumba likikataa mwambie kijana ajaribu cha pete, ajaribu cha mwisho, na mkono wa kushoto pia. Wengi wanabonyeza dole gumba tu kwa uvivu. Na msiende wiki ya bamvua mkitoka majini. Nendeni maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, mkiwa mmepumzika siku kadhaa, mikono iwe imepakwa mafuta usiku na kuoshwa asubuhi. Sisi wa dagaa tunaungua na chumvi na moto, na hivyo ndivyo tulivyofanikiwa. Mmoja alibaki, kwake hakuna kidole kilichosoma, huyo bado tunampa taslimu na tunamwandika daftarini.

Laini yenye jina la mume iacheni ilivyo, msiigombanie. Kitochi cha laini mbili mnacho wengi. Ya mume ibaki tundu la kwanza, watu waipige kama kawaida, na laini mpya ya mwanamke iwekwe tundu la pili. Huko ndiko hela ya mwani iingie. Anayetaka kumwambia mumewe atamwambia, asiyetaka ni shauri lake, kikundi hakiingii chumbani mwa mtu.

Kuhusu namba moja au nyingi, hela ya mauzo kila mtu apokee yake. Msikubali hata kidogo ipitie kwa mmoja halafu agawe, hata awe mwema vipi. Akiumwa siku hiyo? Akipoteza simu? Hela ya kikundi ndiyo muitafutie akaunti ya kikundi. Ziko huduma za simu za vikundi, kwa mfano M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019, hela haitoki mpaka viongozi wathibitishe kila mmoja kwenye simu yake. Ndiyo kufuli zenu tatu hizo. Inafanya kazi kwenye kitochi, haihitaji bando.

Na sifuri za mweka hazina ni jambo la kikao kimoja. Anajua tarakimu, hakuna aliyemwonyesha mkato na nukta. Mwambie asianze kuhesabu mwisho. Aanze mbele, akifika kwenye mkato wa mwisho aseme "elfu", akifika kwenye nukta aache kusoma. Mwandikieni ujumbe wa kweli kwenye karatasi kubwa, maneno yaleyale ya simu, Imethibitishwa, Umepokea, Salio. Sisi mweka hazina wetu alishika haraka kuliko mwenyekiti, na mwenyekiti ana cheti cha kidato cha nne.

Mjukuu aondolewe kwenye namba ya siri leo hii. Sina ubaya na watoto, lakini nimeona.

MsomiChumbageni:

Nichangie kidogo. Jambo hili lina historia. Mwaka 1997 kule Bangladesh wanawake wa vijijini walianza kukopeshwa simu za mkononi kupitia benki ya Grameen, mama anakaa nayo nyumbani, jirani anakuja kupiga na kulipa kwa dakika. Dunia nzima ilisifia. Simu ziliposhuka bei kila mtu akanunua yake, wateja wakapungua na faida ikashuka. Kwa hiyo hao wanaoleta mradi wa simu au kompyuta waulizeni kwanza jina la nani litaandikwa, na kifaa kikiwa cha kawaida mama anabaki na nini.

La pili, akaunti ya kikundi na usajili vitawasaidia kwenye mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024, na maombi siku hizi ni ya mtandaoni. Hapo ndipo simujanja moja ya kikundi ina kazi.

MamaKigombe:

Hata Tanga tulikuwa na wenye meza za kupigia simu Ngamiani, msomi. Mwavuli, kiti, na saa ya kuhesabu dakika. Wamekwenda wapi? Lakini wengi wao ndio mawakala wa leo, kwa hiyo si wote walioondoka mikono mitupu.

KatibuMlingotini:

Nimewasoma wote, shukrani. Dada wa Kigombe, hilo la maji mafu sikuwahi kulifikiria, na nimeishi na maji maisha yangu yote. Tumekubaliana kwenda pamoja wiki ijayo bahari ikilala, tukodi gari moja kuliko kwenda mmoja mmoja.

Baharia, nikujibu kwa heshima. Mwani naupanda mimi, naufunga mimi, naubeba kichwani ukiwa unavuja maji mimi. Mume wangu ni mtu mzuri na hela ya ada tunachanga pamoja. Ila nataka nimpe kwa mkono wangu, nisiende kumwomba iliyo yangu.

Kitu kimoja kinatusumbua. Kwenye akaunti ya kikundi hela wataiona viongozi tu, wengine wataona nini? Sandukuni kila mtu aliona.

MamaKigombe:

Someni ujumbe wa salio kwa sauti kila kikao, kutoka kwenye simu mbili tofauti, halafu liandikwe ubaoni kwa chaki kubwa. Na mara mojamoja mwiteni mwanachama yeyote, asiye kiongozi, aje asome yeye. Watani watacheka, acha wacheke, kwetu hapo ndipo wengi walipojifunza kusoma mkato.

Mwanzoni mtapata na matapeli. Mwani ukishauzwa tu, simu zitaanza kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Waambieni wote wausambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, wasiujibu. Na kila mwenye NIDA abonyeze *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Kwetu wapo waliokuta laini wasizozijua.

KatibuMlingotini:

Tutafanya hivyo. Na makato ya kutoa je? Bei ya kilo ya mwani mnaijua ilivyo, kila shilingi inauma.

MamaKigombe:

Hilo mlimalize na mnunuzi kabla mzani haujaning'inizwa. Bei ya kilo ni bei ya kilo, na ya kutolea ataweka juu yake, kwa kila namba. Yeye ndiye aliyekataa taslimu. Akishapakia gari hamna tena kauli.