Miaka 16 Uingereza, nimerudi Kigamboni, mtaa umenikataa. Nifanyeje?

Mrudi Nyumbani: Wakuu, usingizi sipati. Nina miezi kumi tangu nirudi. Nikipita naitwa mbeba boksi, misibani natoa laki nzima na bado naangaliwa kama mgeni. Nyumba imefika lenta. Niipaue, au niache nirudi zangu?

Mama Turubai: Hiyo laki ndiyo inayokuponza. Wenzio wanaandikisha elfu tano kwenye daftari, wewe unawaumbua. Toa kama wao, ila uwahi viti vikishushwa. Kwa mjumbe umeshajitambulisha?

Fundi Karai: Masika yasikukute hapo kwenye lenta. Kama hela imekata, piga lipu vichwa vya kuta maji yasipenye kwenye tofali, na nondo zilizochomoza zifunge nailoni zisile kutu.

Bikoni Nne: Hati ina jina la nani?

Mrudi Nyumbani: La mdogo wangu. Tunaelewana sana.

Bikoni Nne: Kwa nini si lako?

Mrudi Nyumbani: Nilichukua uraia wa kule. Kazi ilinibana, msinihukumu.

Chai Rangi: Hii chai, tena haina sukari. Kwa pasi ya Uingereza unaingia kwa viza ya dola 50, siku 90. Miezi kumi umekaaje?

Mrudi Nyumbani: Natokea mpaka wa Namanga, nalala Nairobi, narudi. Mara tatu sasa, na kila safari nalipa. Kosa liko wapi?

Chai Rangi: 50 huku, 30 za kibali cha Kenya, bado nauli. Siku afisa akiichoka hiyo mihuri anakurudisha. Haya, nimeamini. Mtunzi angetunga kitu cha akili zaidi.

Bikoni Nne: Mtu mzima akichukua uraia mwingine, wa Tanzania unakoma. Na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999, kilivyotungwa, hakikumpa ardhi asiye raia, isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo ile nyumba ni ya mdogo wako. Akifa leo, inaingia kwenye mirathi ya mke na watoto wake. Kaulize Uhamiaji kuhusu hadhi maalum ya diaspora, ile ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, umwone na wakili, kabla hujanunua bati.

Mrudi Nyumbani: Bati nimeshalipia. Na mdogo wangu hawezi kunifanyia hivyo. Ila Mama Turubai, kesho kuna msiba nyumba ya tatu. Niende?

Mama Turubai: Nenda saa moja asubuhi. Ukitokea saa saba, watasema umefuata ubwabwa.