Mjadala: Je, wakati wa kuachana na sarafu ya shilingi 50 umefika?

Mtoa hoja aliyefungua mjadala huu anataka Benki Kuu ya Tanzania iache kuagiza sarafu mpya za shilingi 50, na zilizopo ziachwe zitoweke zenyewe hadi shilingi 100 ibaki kuwa sarafu ndogo kuliko zote. Ametoa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba gharama ya kutengeneza sarafu ndogo hailingani na thamani yake, na hapo ametaja Marekani, ambayo tarehe 12 Novemba 2025 ilitengeneza senti zake za mwisho za matumizi ya kawaida mjini Philadelphia. Ya pili ni kwamba nauli na bei nyingi za mijini sasa huenda kwa mamia. Ya tatu ni kwamba malipo kwa simu yameondoa haja ya chenji. Sababu ya pili ina ukweli ndani yake, lakini hitimisho lake silikubali hata kidogo.

Katika kijiji ninachotoka, ndoo ya lita 20 kwenye bomba la jumuiya huuzwa shilingi 50. Familia inayochota ndoo sita hulipa 300 na haihitaji hamsini hata moja, lakini bibi anayeishi peke yake huja na ndoo moja asubuhi kwa sababu hiyo ndiyo anayoiweza kuibeba, na hulipa kwa sarafu moja yenye picha ya kifaru na mwanawe. Tukiiondoa sarafu hiyo, ama alipe 100 kwa maji yale yale, ama amwachie mtunza bomba deni la kukumbukwa kesho, ama achote ndoo mbili ambazo mgongo wake hauziwezi. Hali ni hiyo hiyo gengeni, kwa anayenunua pilipili mbili, kijipakiti cha binzari au kitunguu kimoja kidogo. Mtu mwenye kipato cha kila siku hununua kwa siku, tena kwa kupimiwa, na ndiyo maana sarafu ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua hatua ndogo kuliko zote ambayo bei inaweza kupanda au kushuka. Kwa kitu cha hamsini, hatua inayofuata baada ya hamsini kuondoka ni kupanda maradufu.

Hapa ndipo mifano ya nchi za nje inapotupotosha. Kanada iliacha kusambaza senti yake Februari 2013, na utaratibu uliowekwa ni kwamba jumla ya manunuzi huletwa kwenye senti tano zilizo karibu, kwa anayelipa taslimu pekee, ilhali anayelipa kwa kadi hulipa kiasi kamili. Afrika Kusini iliacha kutengeneza sarafu za senti 1 na 2 mwaka 2002, na maduka yakazoea kushusha jumla kwa faida ya mteja. Utaratibu huo unafanya kazi pale ambapo mnunuzi ana kapu lenye vitu kumi, kuna mashine inayojumlisha na kuna risiti inayoonyesha kilichopunguzwa au kuongezwa. Gengeni kwetu hakuna jumla ya kusawazisha, kwa kuwa kitu ni kimoja na bei yake ndiyo hiyo hiyo jumla. Kinachobadilika ni bei yenyewe, na anayeibadilisha ni muuzaji.

Kuhusu gharama, ni kweli kwamba senti moja ya Marekani ilifikia kugharimu takriban senti 3.7 kuitengeneza katika mwaka wa fedha 2024. Lakini tuangalie senti zile ziliishia wapi: nyingi zilitoka dukani zikaingia kwenye makopo na droo za majumbani, zisirudi tena, hivyo kila mwaka zikatengenezwa nyingine za kufuata njia ile ile. Tena uzalishaji ulisimama kabla ya kuwapo sheria ya kusawazisha bei, na wafanyabiashara wakabaki wakiliomba Bunge lao liwape mwongozo. Sarafu isiyofaa ni ile ambayo watu hawaitaki. Ya kwetu je? Yeyote anayepita kwenye vituo vya daladala vya Dar es Salaam amewaona wauza chenji, ambao konda huwapa noti ya shilingi 10,000 na kupokea sarafu zilizo pungufu ya kiasi hicho. Kitu ambacho watu wako tayari kukinunua kwa bei iliyozidi thamani yake hakiwezi kuitwa kimepitwa na wakati; kimeadimika. Isitoshe, gharama ya sarafu haipimwi kwa mpito mmoja. Benki Kuu yenyewe ilipoleta sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014, ilieleza kwamba noti ya 500 ilipita mikono mingi mno na kuchakaa haraka, wakati sarafu hudumu miaka mingi. Sababu hiyo haiwezi kuwa sahihi kwa mia tano na kukosa uzito kwa hamsini.

Nauli, kama nilivyokiri, zimeihama hamsini. Mwaka 2022 nauli ya daladala kwa njia ya hadi kilometa 15 ilikuwa shilingi 550, na viwango vilivyoanza Desemba 2023 viliifanya 700, huku vingine vyote vya mjini vikiwekwa kwa mamia kamili. Sisemi kwamba sarafu ndiyo iliyopandisha nauli, kwa kuwa bei ya mafuta inajulikana. Nasema tu kwamba nilipotazama viwango vile sikuona hata kimoja kilichoachana na hamsini kwa kushuka. Dukani nako mambo ni yale yale: mwezi uliopita nilidai hamsini yangu kwa muuzaji mmoja wa dawa, nikapewa pipi mbili ambazo sikuziomba, na mteja aliyenifuata akapewa vilevile. Siku moja haina uzito. Kwa mama anayetuma mtoto dukani mara tatu kwa siku, ni fedha ya unga.

Hoja ya simu naijibu kwa ufupi. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilianzia shilingi 10, kiasi ambacho hakuna sarafu mkononi mwa mtu inayoweza kukilipa. Basi mfumo wa simu una uwezo wa kuhesabu kiasi kidogo kabisa, ila kila hesabu ina makato yake. Hakuna mtu atakayemtumia mtunza bomba shilingi 50 kwa simu.

Ninachopendekeza ni kuirudisha hamsini kwenye mzunguko kabla ya kufikiria kuizika. Nyingi zimelala kwenye vibubu, kwenye masanduku ya sadaka na kwenye makopo ya wenye maduka, kwa sababu mwenye sarafu za shilingi 40,000 akizipeleka benki huonekana anawasumbua wahudumu. Nje ya Dar es Salaam, matawi ya Benki Kuu yako Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Mtwara na Zanzibar, nako mwuza genge wa Kasulu hawezi kufika kwa ajili ya mfuko wa chenji. Benki za biashara na mawakala wao wangewajibishwa kupokea na kutoa sarafu bila makato, upungufu ungepungua sana bila kuagiza shehena mpya kutoka nje kila mara.

Ila kwa shilingi 1, 5, 10 na 20 ninakubaliana na mtoa hoja. Hizo hazipokelewi tena popote, na ingefaa zifungwe kwa tangazo na muda maalumu, kama noti za zamani zilivyoondolewa kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, kila mwenye nazo akijua siku ya mwisho na mahali pa kuzibadilishia. Hamsini haijafika huko. Naomba mtoa hoja, au yeyote anayemuunga mkono, atujibu waziwazi: siku ya kwanza baada ya hamsini kuondoka, yule bibi atalipa kiasi gani kwa ndoo yake moja, na nani atakuwa amekipanga?