Ushauri: Wanafunzi wangu wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) hapa Tanga wanataka uchambuzi wa logistiki, niwaandaeje?

Mwl_Chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Hisabati kidato cha tano na sita hapa Tanga mjini. Tangu bandari yetu ichimbwe na meli kubwa zianze kufunga ghatini, kila nikiuliza darasani nani anataka kuwa nani, nusu ya mikono ni "logistiki". Ukiwadadisi, wengi wanamaanisha uwakala wa forodha, kutoa mzigo. Si kazi mbaya, mjomba wangu kajenga nyumba kwa kazi hiyo. Lakini wapo wachache wenye hesabu kali wanaulizia ile ya kukaa na takwimu: mzigo unakwama wapi, ghala lijengwe upande gani, lori ngapi zinatosha. Hao ndio wananinyima usingizi. Kompyuta za shule ni za kugombania. Nianze na nini, na chuo waombe kozi gani?

Kibarua_Ngamiani:
Mwalimu, Tanga waja leo waondoka leo, isipokuwa kontena. Likikosa karatasi moja tu linaomba ukaazi 😂 Nakaa pembeni nisome.

Dispachi_Pongwe:
Shikamoo mwalimu. Mimi napanga safari za lori kwenye kampuni moja ya usafirishaji. Kwetu hakuna mwenye cheo cha mchambuzi wa logistiki, na kampuni nyingi za mkoani ziko hivyo. Yupo mtu wa dispachi, wa stoo, mhasibu. Anayeweza kulibana daftari likasema ukweli ndiye anayeitwa kwenye kikao cha bosi. Kwa hiyo waambie wasitafute cheo kwenye tangazo, watafute kazi yenye rekodi.

Kompyuta zisikusumbue sana. Wape hili ubaoni: lori tano zilisubiri kupakia saa 3, 4, 3, 5 na 35. Wastani ni saa 10. Bosi akiambiwa "lori zetu husubiri saa kumi" atakodi eneo kubwa la kuegesha. Lakini hakuna hata lori moja lililosubiri saa 10! Namba ya katikati ni 4, na lile la 35 lilikuwa na kasoro ya nyaraka. Tatizo ni la karatasi, yeye anaenda kumwaga zege. Mtoto akiliona hilo bila kusukumwa, Excel atafundishwa na yeyote.

Lingine: sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016 inaishia tani 56 kwa gari zima la ekseli 7. Toa uzito wa kichwa na tela, kinachobaki ndicho mzigo. Hapo wape mizigo mitatu tofauti wachague. Ile mada yenu ya kuchora mistari ya vikwazo kwenye grafu kutafuta gharama ndogo, mizani ndio kikwazo chenyewe.

Mzee_Raskazone:
Wanangu, anzeni na historia ya hapohapo mlipo. Zamani meli ilitia nanga mbali kwa sababu kina ghatini kilikuwa mita 3 hivi. Mzigo ukishushwa kwenye tishari, tishari linakokotwa hadi ghatini, unanyanyuliwa tena. Winchi mbili, makuli mara mbili, na mvua ikinyesha katikati kazi inasimama. Sasa kina ni mita 13 na ghati lina mita 450. Waambie vijana wachore njia zote mbili na wahesabu mzigo umeguswa mara ngapi. Kila mguso una gharama yake na hatari yake ya kuvunjika.

Binti_Mabibo:
Niko Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, kwenye shahada ya logistiki na usimamizi wa usafirishaji. Kozi nzuri, ila mwenye hesabu kali asidharau kusoma takwimu, mfano Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kule Changanyikeni, halafu fildi akaombe kampuni ya mizigo. Njia zote mbili zinafika. Mkazo wangu uko kwenye fildi: ukipelekwa kubandika mihuri miezi yote umeibiwa muda. Omba daftari la magari, hata la mwaka jana.

Ugavi_Kwanza:
Mnampoteza mwalimu. Bila mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, kijana hatoboi.

Dispachi_Pongwe:
@Ugavi_Kwanza kaka, kwa ununuzi na ugavi uko sahihi kabisa. Anayepanga lori na kupima muda wa safari hakuna aliyemuuliza PSPTB, angalau huku nilipo. Asome bodi akiamua kwenda upande wa ununuzi.

Mama_Machungwa:
Naomba kuingilia, mimi muuzaji tu wa Muheza. Hao watoto wafundishwe kwamba saa moja haina bei moja. Mkonge ukilala siku tatu Horohoro mpakani, utaamka mkonge. Machungwa yangu yakilala siku tatu kwenye jua, mteja wa Kenya anaanza kunipangia bei yeye. Na lori likirudi tupu, nauli ya kurudi nimelipa mimi ndani ya ile ya kwenda.

Mwl_Chumbageni:
Mama, hilo la saa nalipeleka darasani Jumatatu, na mzee, michoro ya tishari nitawapa kama kazi ya nyumbani. @Dispachi_Pongwe, marahaba. Naweza kupata kurasa za daftari lenu la zamani? Futa namba za gari, majina ya madereva na ya wateja. Nikiwapa namba za kutunga wanazishtukia, zinagawanyika vizuri mno.

Dispachi_Pongwe:
Nitamwomba bosi kwanza mwalimu. Akikubali nakuletea nakala, ila mwandiko wa mlinzi wa usiku mtausoma wenyewe.